Gwaride Lililogeuka Dansi

Wenyewe huuita mji kasoro bahari. Kingine chote Morogoro ilikuwa nacho, na zaidi ya vyote ilikuwa na bendi. Mwaka 1944, askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika wakiwa bado vitani Burma, chini ya milima ya Uluguru ilizaliwa Morogoro Jazz. Miaka minne baadaye Salum Abdallah, kijana wa mji huohuo, akaanzisha Cuban Marimba.

Vita na muziki vilikuwa vimezoeana zamani. Tangu mwisho wa karne ya 19 vijana wa pwani walipiga beni: matarumbeta, ngoma kubwa, sare, gwaride. Marini na Arinoti walishindana mitaani, kila upande na vyeo vyake hadi Kingi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari na wapagazi waliorudi makwao waliipeleka beni bara. Kambini walikuwa wamefundishwa kuanza pamoja na kunyamaza pamoja. Mtaani nidhamu hiyo wakaichezea.

Bendi za dansi ziliirithi nidhamu hiyo. Neno "Jazz" lilitoka Marekani, lakini mdundo ulikuja zaidi kutoka Cuba, kwa santuri za GV zilizosambaa Afrika tangu miaka ya 1930. Salum Abdallah aliupenda mno, akauvika Kiswahili hadi ukasahau kwao. Mji ukagawanyika kati ya Cuban na Moro Jazz kama wanavyogawanyika watu wa Simba na Yanga.

Sifa nyingi huenda kwa mpiga solo. Lakini mtazame wa gitaa la pili. Anarudia noti nne tano zilezile wimbo mzima, vidole vikitua palepale, na hana ruhusa ya kuchoka. Akichelewa kidogo tu, besi inapepesuka, na wachezaji wanajua kwa miguu kabla ya masikio. Kando yake wapuliza saksafoni na tarumbeta wamenyamaza, midomo imelowana, wanahesabu. Mwimbaji anamaliza ubeti. Wanavuta pumzi moja, na sauti inatoka kama ya mtu mmoja.

Redio Tanzania nayo ilirekodi hivyohivyo: bendi nzima chumbani, maikrofoni chache, wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Kanda zile zina joto ambalo kompyuta haijaweza kulipika.

Katika shule hiyo ya kupiga kama mtu mmoja alikomaa mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe, aliyejiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 bendi ikafika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaondoka na kuunda Super Volcano, mtindo wao Masika, jina la mvua ambazo Waluguru huzijua vizuri. Katika wimbo wake "Shida" sauti yake inalalamika na gitaa linamwitikia, kama jirani aliyekuja kumpa pole.

Barabara iliwachukua wote wawili. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965; Mbaraka naye kwa ajali, Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34, Tanzania ikiwa vitani na Idi Amin.

Leo bendi ikipiga zilipendwa, kijana wa solo hupewa nafasi ya kuringa, akashangiliwa na kutunzwa. Wazee wa meza za nyuma humwangalia yule wa gitaa la pili.