Mlima Uliomfunza Wangari Maathai Kuandika

Ukitoka Nairobi kwenda Nyeri, utauvuka Mto Sagana kabla ya kuanza kupanda kuelekea Karatina. Hayo ni maji ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, na ndiyo yanayoitwa Tana yakishateremka nyanda za chini. Nautaja mto huu kwa sababu tawasifu ya Profesa Wangari Maathai, Unbowed (2006), kwa maoni yangu ni kitabu cha maji kabla hakijawa kitabu cha siasa.

Wasomaji wengi, wanafunzi wangu wakiwemo, hupita mbio sura za mwanzo. Wanataka kufika upesi kwenye vita vya Bustani ya Uhuru vya 1989 na Msitu wa Karura. Ati utoto wa Ihithe ni utangulizi tu! Siafiki.

Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. Anasimulia kwamba mamake alimkataza kuokota kuni chini ya mti wa mugumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, naye alichezea mayai ya vyura akidhani ni shanga. Alipokuja kuwa mwanasayansi ndipo alipoelewa kwamba mizizi ya mugumo iliyafikia maji ya chini na kuushika udongo usiporomoke. Kumbe katazo la mama lilikuwa elimu ya mazingira iliyovaa vazi la imani.

Tazama basi anavyosimulia. Anachokiona akiwa mtoto hakifafanuliwi chote papo hapo. Hurudi baadaye na maana nyingine. Mugumo unarudi ukiwa umekatwa na kijito kimekauka. Miaka ya 1970, akitafiti kupe wanaoeneza ndigana, anaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda. Shahada ya uzamifu alikuwa nayo tangu 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, lakini jicho lililoona tope hilo lilinolewa Ihithe. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Hata mjini Oslo, Desemba 2004, hotuba yake ya Nobeli ilimalizikia kwenye kijito kile kile.

Kuna la lugha pia. Katika shule ya bweni ya Mathari, aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa beji ya aibu. Si ajabu basi kwamba kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, mugumo na Kirinyaga yamebaki na majina yao ya nyumbani. Beji haikufua dafu.

Nina lalama moja. Ihithe ya utotoni imeng'arishwa mno. Kulima, kuchota maji na kutafuta kuni kunasimuliwa kwa utamu kuliko uchovu, ilhali enzi hiyo hiyo babake alikuwa akimfanyia kazi mlowezi huko Nakuru. Lakini naielewa sababu: mwandishi alihitaji kipimo. Bila kijito kisafi, tope la baadaye lingepimwa kwa nini?

Tusije tukasema, hata hivyo, kwamba mlima peke yake ulimlea. Mlima haumpeleki mtoto shule. Kakake, Nderitu, ndiye aliyeuliza mbona Wangari haendi shuleni kama wao, na mama asiyekuwa na kisomo akaona hakuna sababu ya kumzuia. Swali moja la mtoto wa kiume, jibu moja la mama, na historia ikageuka.

Ndiyo maana nasisitiza kitabu hiki kisomwe kuanzia ukurasa wa kwanza. Anayeanzia Karura atakutana na mwanamke jasiri, amshangilie, basi. Anayeanzia Ihithe atajua ujasiri huo ulitoka wapi, na kwamba wasichana wengine wa milimani wanaweza kuupata iwapo kuna mtu nyumbani atakayewaulizia.