Kilo moja ya shaba inaomba bakteria ngapi?

Wandugu, kila mwaka wanafunzi wa dunia nzima wanashindana katika iGEM, mashindano ya kutengeneza viumbe vyenye jeni mpya, yaliyoanza kule MIT, Marekani, mwaka 2004. Maji yenye metali ni mada inayorudi-rudi pale. Mutu aliyesoma agronomia huku Katanga hawezi kuisoma kama habari ya mbali. Nataka kupima projeti moja tu, ya wanafunzi wa Cornell, mwaka 2014, juu ni kati ya zile zilizofikiriwa vizuri.

Walichukua E. coli, bakteria ya kawaida ya labo, wakaiongezea kazi mbili. Ya kwanza ni mlango: protini inayoingiza metali ndani ya seli. Nikeli, zebaki na risasi, kila moja na mlango wake. Ya pili ni metalotionini, protini iliyotoka kwa chachu, ambayo inakamata metali na kuishikilia. Kiisha bakteria zinafungiwa ndani ya filtri: maji yanapita, zenyewe hazitoki. Hapo nawapa pointi zote. Wengi wanaishia kwenye jeni, hawa walifikiria mpaka bomba.

Lakini tupige hesabu, na nachukua shaba sababu njo yetu. Metalotionini ya chachu inabeba atomi 7 hivi za shaba, na yenyewe ina uzito karibu mara 100 wa atomi moja. Basi kilo 1 ya shaba inaomba kilo 14 hivi za protini safi. Hata tukisema protini hiyo ni sehemu 1 juu ya 10 ya bakteria kavu, na hiyo ni mingi sana, tunafika kilo 140 za bakteria za kulisha, kufungia, halafu kutupa pamoja na sumu yake. Kilo ileile ya shaba inaangushwa na kilo 1,2 hivi ya chokaa iliyozimwa, ukiacha ile ya kutuliza asidi. Chokaa hiyo inatoka kwa mawe kama yale ya Kakontwe, pale Likasi.

Tena E. coli haipendi asidi. Ukitaka iishi ndani ya maji yale, inabidi kwanza utie chokaa. Na ukitia chokaa, sehemu kubwa ya shaba imeshaanguka chini! Bakteria inabakiwa na kazi ya kuokota mabaki. Ni kazi ya maana, sababu mabaki njo yanafika kwenye mboga, lakini si kazi ambayo projeti za namna hii zinatangaza.

Kuna jambo lingine linanisumbua. Wanaongea «maji ya mgodi» kama vile mtu anaongea mvua. Katika nchi nyingi asidi inazaliwa yenyewe, mawe yenye sulfuri yakikutana na hewa na maji. Kwetu shaba na kobalti vinakaa mingi ndani ya dolomi, jiwe ambalo linatuliza asidi. Asidi kali ya huku inatoka zaidi kwenye viwanda, pale wanapomwaga asidi ya sulfuri ili kuyeyusha madini. Maana yake maji yetu yana bomba, na bomba lina mwenyewe. Mwezi wa 11 mwaka 2025 maji ya kampuni moja ya madini yaliingia mitaa ya Lubumbashi, na serikali ikaisimamisha kazi. Siku ile ba-mama wanaomwagilia lenga-lenga walikuwa na nini mkononi? Macho tu. Na shaba ikiwa kidogo ndani ya maji, jicho haliioni.

Kwa hiyo mimi naona projeti ya kufuata si ya Cornell, ni ya Edinburgh ya 2006. Wale hawakuahidi kusafisha. Walitengeneza bakteria inayokutana na aseniki, inabadilisha asidi ya maji, na mutu anasoma kwa rangi. Walilenga visima vya nchi kama Bangladesh. Kwa shaba tuko na pa kuanzia: E. coli yenyewe ina protini, CueR, inayosikia shaba ikizidi ndani ya seli. Kuifunga na jeni ya rangi ni kazi ambayo mémoire moja ya licence inaweza kubeba, kama labo iko na umeme.

Sheria ya iGEM inakataza kutoa nje ya labo bakteria zilizobadilishwa, na naiunga mkono. Basi chupa ya maji ije labo, bakteria isiende bustani. Itachelewa kidogo, sawa. Ila tukubaliane mapema nani anapokea karatasi ya matokeo. Mimi ningeanza na mama mwenye bustani, kiisha shefu wa kartie, kiisha kampuni.