Kabla ya Rangi

Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe Aprili 2016, ujenzi umeshika kasi huko, na kila nyumba inataka milango. Fundi rangi husifiwa siku ya mwisho, mlango unapong'aa. Mimi namsifu kwa siku zile ambazo mwenye nyumba akipita hunung'unika kwamba hakuna kinachofanyika.

Mbao za bei nafuu ni za paini, nyingi zikitoka Mufindi, kwenye shamba la serikali la Sao Hill. Hushuka mlima Kitonga juu ya malori, na nyingine hufika Dar bado mbichi. Hapo ndipo subira ya kwanza inapohitajika, hasa wakati wa masika: rangi iliyopakwa juu ya ubao wenye maji itabanduka tu, hata ungenunua kopo la bei gani.

Kisha kuna macho. Jicho la paini ni gumu, la kahawia, limejaa ulimbo. Lipake rangi nyeupe hivi hivi, na baada ya muda doa la manjano litachungulia. Fundi anayejua kazi hulifuta kwa tina, likikauka akalipaka shelaki, yaani utomvu wa wadudu wa India ulioyeyushwa kwa spiriti. Tabaka mbili nyembamba zinatosha kuuziba ulimbo. (Pwani yetu nayo ilikuwa na utomvu wake. Katika karne ya 19 watu wa Mrima walichimba sandarusi ardhini, ikapitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengenezwa vanishi. Leo tunanunua makopo dukani na hakuna anayekumbuka.)

Msasa ndio moyo wa kazi. Huanza namba 80 kufuta alama za randa, ikafuata 120, kisha 180, na mkono haukatishi nyuzi za ubao. Mkwaruzo uliokatisha nyuzi hauonekani ubao ukiwa mtupu. Rangi ya mafuta ndiyo huutangaza. Kwa hiyo fundi makini huwasha tochi ya simu, akailaza ubavuni mwa ubao. Kwa mwanga ule wa kando kila kosa linatoa kivuli, naye hurudia palepale, akafuta vumbi kwa tambara lenye tina kidogo.

Praima ikishaingia, vinyweleo vya mbao husimama, na ukipapasa unahisi ubao umeota ndevu. Wengi hapo huona mambo yameharibika. La hasha, ubao ndio umeanza kunywa. Ukikauka hupigwa msasa mwepesi, kisha ndipo puti iingie kwenye matundu ya misumari. Wanaotanguliza puti kwenye ubao mtupu hupata hasara, maana ubao huinyonya mafuta, ikapasuka na kudondoka.

Mninga siuzungumzii hapa. Kuufunika mninga kwa rangi nyeupe ni kuukosea adabu. Upewe vanishi, uonekane.

Lakini kipimo changu cha fundi ni kitako cha mlango. Pale chini mbao za pembeni zimekatwa kichwani, nyuzi ziko wazi kama mirija, na nyumba zetu hupigwa deki kila asubuhi. Maji hupanda humo kidogo kidogo, mlango ukavimba, ukaanza kusugua sakafu. Mwenye nyumba humlaumu seremala, naye huitwa aje na randa yake kuupunguza, na ule mchongo mpya nao ukaachwa wazi kusubiri deki ya kesho. Dawa ni praima mbili au tatu chini kabisa, mahali ambapo hata mgeni mchokozi hainami kuchungulia.

Basi unapopatana bei na fundi, usiishie kuuliza rangi itagharimu shilingi ngapi. Muulize atapiga msasa mara ngapi, na kama mlango utashushwa kwenye bawaba ili kitako nacho kipakwe. Akikujibu kwamba pale chini hapaonekani, mshukuru, kisha utafute fundi mwingine.