Anayeitafuta Nati

Mahindi yakishakauka mashambani, barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Namanyere na Mpanda hujaa malori. Fuso na Isuzu hupita Chala zikiwa na magunia hadi juu ya bodi, nyingine zikiwahi maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, nyingine zikishuka Tunduma na masoko ya mbali zaidi. Msimu huo ndio msimu wa gereji pia. Lori lililolala kwa sababu ya noseli au valvu ni fedha zilizolala, na kila anayesimama kando yake ana haraka: mwenye gari, dereva, utingo, mwenye mzigo. Katikati ya haraka hiyo yupo mtu mmoja ambaye wakati mwingine hulazimika kuweka spana chini na kutangaza kwamba injini haiwashwi, kwa kuwa nati moja imedondoka na haijaonekana. Insha hii ni ya kumsifu mtu huyo.

Asiyeshinda gereji hudhani anachelewesha watu kwa jambo dogo. Nati inayofungwa kwa spana namba 10 haifikishi hata gramu 5. Lakini injini ya dizeli haina mahali pa kuihifadhi. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati ya ukingo wake na hedi huwa kama milimita moja tu, maana hapo ndipo hewa hubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Nati ikiwa imelala hapo, pistoni itatoboka, au valvu itapinda, au hedi itapasuka. Ikiingia kwenye gia za taimingi, meno yatakatika. Ikivutwa na tabo, ambayo mapanga yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, hakitabaki kitu cha kutengeneza. Mdharau mwiba mguu huota tende, na kwenye lori tende hiyo hulipiwa kwa bei ya injini nzima.

Wala hili si tatizo la gereji za chini ya mwembe peke yake. Tarehe 18 Septemba 1980, huko Damascus katika jimbo la Arkansas, Marekani, fundi wa jeshi la anga aliyekuwa akihudumia kombora la Titan II aliponyokwa na kichwa cha boksi spana. Kilianguka zaidi ya mita 20 ndani ya shimo la kombora, kikadunda, kikatoboa tanki la mafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 19 kombora lililipuka, askari mmoja akafa, na bomu la nyuklia lililokuwa kichwani mwa kombora likarushwa nje ya shimo. Kwa bahati halikulipuka. Waliokuwa kazini walikuwa na mafunzo, miongozo na zana ambazo fundi wa Chala hajawahi kuziona. Mkono huponyokwa popote. Kinachotofautisha mafundi ni kile wanachofanya baada ya hapo.

Na cha kwanza wanachofanya ni kusimama. Injini haizungushwi hata robo, kwa ufunguo wala kwa spana. Hakuna anayesogeza turubai, hakuna anayevuta mguu. Masikio yalishatangulia: fundi mzoefu amekwisha kusikia nati iligonga mara ngapi na iligonga nini. Chesi hulia kwa mlio mrefu, aluminiamu ya gia boksi hujibu kwa mkato. Kama hapakuwa na mlio wowote, basi nati imetua kwenye tope la oili na vumbi, au imeingia ndani, na hilo la pili ndilo huchukuliwa kuwa kweli mpaka nati iletwe mkononi.

Baada ya masikio yanafuata macho. Tochi haimulikwi kutoka juu. Hulazwa ubavuni ili mwanga utambae na hata wosha nyembamba itoe kivuli chake. Kioo kidogo cha kunyolea hupelekwa nyuma ya pampu na chini ya manifoldi, pasipofika uso wa mtu. Macho yakishindwa, matundu yote ya injini huzibwa, kisha fundi huchukua nati nyingine ya aina ileile na kuiachia makusudi kutoka palepale, huku wenzake wakitazama inapodundia. Hurudia tena na tena. Mara nyingi ya pili huifuata ya kwanza hadi kwenye kona ambayo hakuna aliyeifikiria.

Nimemtazama fundi mmoja wa Chala akiitoa nati ya kurekebishia valvu iliyozama kwenye tundu ambamo hupita fito za kusukuma roka. Sumaku yake ilikuwa kipande kilichotoka kwenye spika ya redio iliyokufa, kimefungwa kwenye ncha ya waya. Shida ya sumaku ndani ya injini ni kwamba karibu kila kitu humo ni chuma: ukiiingiza tu, inang'ang'ania ukuta wa tundu na kusahau ilichotumwa. Kwa hiyo alikuwa ameivika bomba la plastiki la kalamu, akaacha ncha peke yake wazi. Akaishusha polepole, akasimama, akasikiliza. Vidole vilipohisi mguso, hakuvuta. Alisubiri, akauzungusha waya kidogo ili nati ikae sawa, ndipo akaanza kupandisha, na kabla haijafika ukingoni, mahali ambapo nati nyingi huchubuliwa na kurudi chini, aliweka kidole cha mkono wa kushoto kando ya tundu kuipokea. Nati ikatoka ikiwa imelowa oili. Akaifuta, akaiweka sahani moja na wenzake, akazihesabu zote upya.

Sumaku nayo ina mipaka. Haivuti shaba, wala aluminiamu. Wosha ya shaba inayokaa chini ya noseli hutolewa kwa njia nyingine: grisi nzito kwenye ncha ya kijiti, au waya uliokunjwa ndoano. Fundi asiyejali huacha wosha ya zamani chini ya shimo na kuweka mpya juu yake. Noseli hapo hukaa juu kuliko inavyotakiwa, mafuta hunyunyizwa pasipo mahali pake, na lori huanza kupanda milima likitoa moshi mweusi, mwenyewe akilaumu dizeli. Na kama kitu kisichovutwa na sumaku kimeingia ndani ya silinda na ndoano haikifikii, hapana njia ya mkato. Hedi inafunguliwa, hata kama jua linazama na dereva amenuna.

Fundi bora hujitahidi asifike huko. Kabla ya kulegeza bolti ya kwanza huosha eneo lote, hutandika turubai safi chini ya injini, huziba matundu kwa vitambaa vikubwa, na vitambaa vyenyewe huhesabiwa. Bolti za hedi huchomekwa kwenye kipande cha katoni kilichotobolewa kufuata mpangilio wake, hivyo tundu lililo wazi linasema lenyewe nani hayupo.

Lakini zana zote hizi ni bure kama aliyedondosha amenyamaza. Na mara nyingi anayedondosha ni kijana anayejifunza, tena mwezi wa Juni, wakati baridi ya uwanda huu wa Ufipa inatia vidole ganzi asubuhi. Kijana huyo ana sekunde chache za kuamua. Akijua kwamba akisema atatukanwa mbele ya dereva au atakatwa posho, atachukua nati nyingine kwenye kopo, atafunga, atafunika, na lori litaondoka na kifo chake tumboni. Akijua kwamba ataambiwa, "Dogo, tulia hapohapo, usiguse kitu," atasema. Ukali wa fundi mkuu hauzuii nati kudondoka; huzuia habari zake tu. Ndiyo maana naipima gereji kwa jambo hilo kuliko ukubwa wa jeki zake: je, mdogo kuliko wote anaweza kusimamisha kazi kwa sauti, na wakubwa wakamtii?

Subira ya namna hii ina historia ndefu katika nchi hii. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Tanuri lao refu la udongo, ilungu, lilisimama kama mita 3, likajivutia hewa kwa matundu ya chini bila mivukuto, na mabaki yake bado yapo katika uwanda huu. Ila kilichotoka humo kilikuwa mabonge ya chuma yaliyochanganyika na takataka. Wahunzi waliyavunja, wakachambua vipande, wakavirudisha vilivyofaa kwenye tanuri dogo la pili lenye mivukuto, ndipo kikapatikana chuma cha kufulia jembe. Sidai kwamba fundi wa Fuso amerithi mikono yao. Nasema tu kwamba jembe la Ufipa lilitegemea watu walioinama juu ya vipande vidogo wakakataa kuvipuuza, na lori linalobeba mahindi ya Ufipa linategemea watu wa aina hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba kazi yao haiandikwi kwenye bili. Bili hutaja gasketi, oili, noseli, na ufundi wa kufunga; saa mbili za kupiga magoti chini ya chesi hazina mstari wake, kwa hiyo fundi mwaminifu huzilipa mwenyewe, na fundi mwongo hupata faida ya kumaliza mapema. Sisi wenye magari na wenye mizigo ndio tunaoweza kuligeuza hilo. Tukikuta injini wazi na fundi yuko chini anatafuta, tusiulize kwa nini wamechelewa. Tuulize bolti na nati ngapi zilifunguliwa na ngapi zimepatikana, tusubiri hesabu itimie, kisha tulipe saa hizo kwa bei ileile tunayolipia kufunga hedi.