Tusiiachie kompyuta majina ya waandishi wetu

Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Kilifi leo hana haja ya kuandika orodha ya marejeleo kwa mkono. Anabofya tu. Programu kama Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, huvuta jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji kutoka mtandaoni, ikahifadhi, kisha ikapanga kwa mtindo unaotakiwa. Tena ni ya bure. (Nasema marejeleo kwa sababu tunarejelea kazi za watu, marejeo nawaachia wavuvi wanaporudi pwani jioni.)

Shida ni kwamba programu hii huchukulia kila mtu ana jina la ukoo, na aghalabu neno la mwisho ndilo huwekwa hapo. Basi Ngugi wa Thiong'o anageuka "Thiong'o, N. wa". Kumbe Thiong'o ni babake! Kwa mwendo huo, Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914, angeorodheshwa chini ya Menza mzazi wake, mwenyewe abaki herufi moja tu. Na huku kwetu, toka Kilifi hadi Malindi, majina ya "wa fulani" si ya kutafuta kwa tochi. Dawa imo humo humo kwenye programu: nafasi mbili za jina zigeuzwe ziwe moja, jina zima liandikwe lilivyo. Nani anahangaika?

Hata wageni hawasalimiki. Ludwig Krapf, mmisionari aliyeweka makao Rabai mwaka 1846, ni J. Lewis Krapf katika kitabu chake cha safari cha 1860, na L. Krapf katika kamusi yake ya Kiswahili ya 1882. Kwa kompyuta hao ni watu wawili.

Kuna na hili la herufi kubwa, ambalo huniudhi zaidi. Mitindo kama MLA hukuza herufi ya kwanza ya karibu kila neno katika anwani ya Kiingereza, na programu isipoambiwa lugha ya kitabu huweza kudhani ni Kiingereza. Ndipo unakuta "Ya", "Wa" na "Za" zimetunisha kifua katikati ya anwani ya Kiswahili. Kuandika "sw" kwenye nafasi ya lugha kunatosha kuzituliza.

Lawama si ya programu peke yake. Msimamizi anayepitisha orodha kwa kuwa ati imetoka kwenye kompyuta amekwepa kazi yake, na mtafiti wa kesho atayanakili makosa yale yale.

Na mzee aliyehojiwa kayani je? Zotero ina aina ya rejeleo kwa ajili ya mahojiano, ila hapo hakuna cha kubofya. Mtafiti ataandika mwenyewe tarehe, mahali, na jina jinsi mzee alivyojitaja.