Picha za Tshibumba na Kuja kwa Wazungu

Zamani katika nyumba nyingi za mji wetu ilitundikwa picha iitwayo Colonie belge. Mfungwa amelazwa chini, askari ampiga fimbo, Mzungu asimama kando akitazama. Wachoraji wengi waliichora. Tshibumba Kanda Matulu hakutosheka nayo. Mwaka 1973 na 1974, hapa Lubumbashi, alimchorea mtaalamu Johannes Fabian picha 101, historia nzima ya nchi, akimweleza kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Fabian alizitoa katika kitabu mwaka 1996.

Twamsifu Tshibumba kwanza. Vitabu vya shule vya wakoloni vilianza na Stanley, kana kwamba kabla yake palikuwa na msitu tu. Yeye aanza na wazee wetu, ndipo afike Diogo Cão, Mreno aliyeona mdomo wa mto Kongo mwaka 1482. Tena tazameni mkono ulioshika fimbo katika Colonie belge: ni mkono wa mtu mweusi. Neno hilo lauma, lakini ni kweli.

Hata hivyo tuna neno naye. Juu ya picha aliandika 1885-1959, kama utawala mmoja. Sivyo. Hadi 1908 nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold II peke yake, naye alitaka pembe na mpira. Ubelgiji iliipokea baadaye. Na fimbo yaonekana vizuri, bali sababu ya fimbo haionekani.

Hapa kwetu sababu ni shaba, au mukuba kama tusemavyo. Tshibumba alichora kifo cha Msiri, aliyepigwa risasi na Bodson, Mbelgiji, tarehe 20 Desemba 1891 huko Bunkeya. Bodson naye akafa. Picha yatuonyesha aliyeua. Waliomtuma yatubidi tuwatafute wenyewe. Msafara uliongozwa na Stairs, mtu wa Kanada, kwa faida ya Leopold, aliyeogopa watu wa Rhodes wasije kutoka kusini na kumtangulia. Wala Msiri hakuwa mwenyeji: alitoka Unyamwezi kwa biashara, akajifanya mfalme, na mwaka ule ule Wasanga walikuwa wamekwisha kumwasi. (Wengine hawapendi kulisikia hilo.)

Reli ilifika mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa, kutoka shimo la Étoile, lililo jirani na Ruashi yetu. Kampuni ilihitaji mikono, ikaleta watu wa Kasai, wa Rhodesia, wa Rwanda na Urundi. Wengi wetu ni wajukuu wa mikono hiyo, na Kiswahili hiki ndicho walichosemeshana kazini.

Picha zenyewe zatunzwa Amsterdam, Uholanzi. Kijana wa Ruashi atakaye kuzisoma hupewa kitabu cha Kiingereza.