Mke Aliyekatazwa Kalamu

Mwaka 1892 bibi mmoja wa Marekani, Charlotte Perkins Gilman, alitoa hadithi fupi, "The Yellow Wallpaper". Msimulizi ni mke aliyejifungua karibuni, naye ameshikwa na huzuni. Mumewe, tabibu, ampenda. Lakini amkataza kuandika, amweka chumbani apumzike. Basi hukodolea macho karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani, hata aona nyuma yake mwanamke aliyefungwa.

Wako wasomao humo wazimu tu. Sivyo. Gilman mwenyewe aliagizwa matibabu hayo mwaka 1887, akapata nafuu aliporudia kazi yake. Nguvu ya hadithi ni hii: mume si mkatili. Kila aambiwapo, hujibu kwa upole, wala hasikii. Kumbe hata upendo, ukikosa masikio, ni kifungo.